Kichupa cha Kofia ya Manjano

Nakutega wewe uliyetulia hapo, usiangalie pembeni. Mgeni alikuja bila hodi, akalala kifuani kwa mwenye nyumba, akala asichopikiwa. Siku aliyofukuzwa aliondoka kweli, lakini hakuna ajuaye kama ameacha watoto uvunguni. Ni nani huyo? Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Bukoba siitaki, Tabora ina vumbi. Nipe Mwanza pamoja na mawe yake yote, nami nakupa jibu: ni uvimbe wa titi. Na kazi iliyomtoa Sajini Justa kituoni siku ile ilikuwa hiyo hiyo, ya watoto wa uvunguni, kama wapo au hawapo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, ule mwaka Wazungu walipoifungia soko minofu yetu ya sangara. Asubuhi hiyo Sajini Justa wa upelelezi alikuwa amepiga magoti kwenye stoo moja huko Nyegezi, mbele ya mtungi mnene wa bati wenye shingo nyembamba. Alipoinua mfuniko, moshi mweupe ulimwagika ukatambaa sakafuni kama maziwa.

"Usitie pua, afande," alisema Shimba, mwenye stoo. "Hewa hiyo haina harufu, lakini inakulaza usiamke."

Shimba alikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka alipopunguzwa kazini. Akafungua shughuli yake mwenyewe ya kupandikizia ng'ombe mbegu. Mbegu za madume ya kigeni alizihifadhi humo mtungini, kwenye baridi inayozidi barafu yoyote unayoijua. Lakini kilichoibiwa hakikuwa mbegu ya dume.

"Kichupa chenye ukubwa gani?" Justa aliuliza.

"Kama kifundo cha kidole changu kidogo," alijibu mtu aliyesimama mlangoni. Huyo ndiye mlalamikaji, Daktari Yassin Bilali, mpasuaji wa hospitali moja ya mjini, mwembamba kama uzi. "Kina kofia ya manjano. Vingine vyote vina kofia nyeupe, navyo vipo."

"Na ndani ya hicho cha manjano?"

"Kipande cha uvimbe wa titi la mwanamke anayeitwa Suzana Kashindye."

Justa aligeuka akamtazama Shimba. Shimba akatazama dari.

"Nyama ya mtu umeiweka pamoja na mbegu za ng'ombe?"

"Friza ya hospitali inakufa kila umeme ukikatika," daktari alijitetea. "Mtungi huu hauhitaji umeme. Mwanza nzima sikuona baridi nyingine ya kuaminika."

Justa alisimama, akapangusa magoti, akaanza kuzunguka. Dirisha lilikuwa wazi, halina kioo wala wavu.

"Nimeliacha hivyo makusudi," Shimba alisema kabla hajaulizwa. "Hewa hii ukiifungia ndani, unaingia kwa miguu yako unatoka umebebwa. Hata mlango nafunga kamba tu, mbuzi wasiingie."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Jana siku ya josho. Kila mwenye ng'ombe alikuwa kule kwenye dawa ya kupe, nami nikiwemo. Ukitaka kuiba Nyegezi, iba siku ya josho."

"Nani anajua hilo?"

"Ng'ombe wenyewe wanajua, afande."

Glavu nene za ngozi zilining'inia msumarini. Justa alizishusha, akazikunja vidole. Vumbi lilipasuka kwenye mikunjo na buibui mdogo akakimbia kutoka ndani.

"Hizi huzitumii?"

"Mimi? Mkono umezoea. Najua pa kushika." Shimba alionyesha kidole gumba, chenye kovu jeupe linalong'aa. "Hii ni ya siku ya kwanza. Baridi ile inaunguza kama kaa la moto, malengelenge yale yale. Asiyeujua mtungi hawezi kutoa kichupa mle kwa mkono mtupu akabaki na ngozi."

"Kitu kingine kimepotea?"

Shimba alikuna kisogo. Hapo Justa akamwona mtu anayeficha, akamkaribia mpaka wakapumua hewa moja.

"Termosi," Shimba alisema. "Ile ndogo ya kubebea mbegu porini. Nilitia baridi kidogo juzi, kuna mtu wa Misungwi alikuwa aje. Sikutaka kuisema kwa sababu mtasema nimeiuza."

Daktari Yassin alishika kizingiti cha mlango. "Termosi yenye baridi? Afande, basi kichupa huenda bado kimeganda! Kikiwa humo kinakaa hata siku kadhaa."

"Na kisipokuwemo?"

"Muda wa kunywa chai unatosha kukiharibu."

Justa alimtoa daktari nje, wakakaa juu ya jiwe kwenye kivuli cha ukuta. Mbele yao ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati.

"Sasa nieleze," alisema, "na unieleze kama mtu wa darasa la saba, maana ndiyo darasa langu. Uvimbe umeshautoa. Mgonjwa anaendelea vizuri. Hicho kinyama kina nini hata ukaja polisi mbio?"

Yassin alivua miwani. "Nilipouangalia uvimbe wa Suzana kwa hadubini, ulikuwa wa katikati. Si mpole, si mkali. Nimewahi kutibu wanawake wawili wenye uvimbe wa namna hiyo, sawa kabisa kwa macho. Mmoja anauza nyanya sokoni hadi leo. Mwenzake tulimzika kabla ya mavuno."

"Walitofautiana nini?"

"Hilo ndilo hadubini hailisemi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo, tunayaita vinasaba, ni maelfu. Vingine vinasema, vingine vimenyamaza. Sasa kule Ulaya kuna maabara, nina rafiki pale, wanaweza kuvisikiliza vingi kwa mpigo mmoja, wakajua vipi vinapiga kelele na vipi vimelala. Bado wanajifunza, sikudanganyi. Lakini wameanza kuona kwamba uvimbe wa kurudi una kelele zake."

"Ukishajua kelele, unafanyaje?"

"Uvimbe ukiwa na kelele mbaya, namtundikia Suzana dawa kali ya mshipani. Ukiwa kimya, namwacha. Na sipendi kumpa bure, kwa sababu moyo wake si mzima, aliugua utotoni. Dawa yenyewe inaweza kumuua kabla ugonjwa haujarudi."

"Na nyama iliyobaki hospitali?"

"Iko kwenye dawa ya kuhifadhia. Kwa hadubini inafaa, lakini sauti zimekufa. Iliyogandishwa ni hiyo moja tu. Na ndege za mizigo zimeadimika tangu minofu ifungiwe. Kuna moja inaondoka leo jioni, rubani amekubali kunibebea."

"Nani alijua kofia ya manjano ni ya nani?"

"Mimi. Shimba. Na Suzana mwenyewe. Aliuliza nyama yake imekwenda wapi, nikamleta hapa nikamwonyesha, aone ipo salama."

"Alikubali ipelekwe Ulaya?"

"Aliitikia kwa kichwa."

Justa alinyanyuka. "Twende. Tunatafuta mkono ulioungua."

* * *

Suzana alikuwa akikaanga mapanki, mifupa ya sangara yenye mabaki ya nyama, karibu na stendi ya Buzuruga. Zamani alikuwa ndani ya kiwanda, anachuna minofu. Kiwanda kilipopunguza watu akahamia kwenye mifupa yake, ile ambayo Wazungu hawaitaki. Daktari alibaki garini. Justa alikwenda peke yake, amevaa gauni la kiraia, akanunua kipande kwanza.

Alichokiona mapema ni kwamba Suzana aligeuza samaki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefichwa ndani ya kitenge, hadi vidole.

"Pole na kazi, dada. Mimi ni Sajini Justa, natoka kituoni. Nimekuja kwa habari ya kile kichupa."

"Asante. Karibu kigoda."

"Mkono una nini?"

"Ni mkono tu."

"Nauomba niuone."

Mama aliyekuwa akiuza uji jirani, Maulida jina lake, mnene na mwenye sauti ya kuitia basi, aliingilia. "We afande, si umwache! Mtu amekatwa titi na ninyi mnataka mkono!"

Suzana alifungua kitenge bila neno. Mkono ulikuwa umevimba kuanzia begani hadi kiganjani, ngozi imevutika, kama ilivyo kwa waliopasuliwa kwapani. Justa aliushika kwa upole, akaugeuza, akatazama kila ncha ya kidole. Hakuna lengelenge.

"Nisamehe, dada."

"Si kitu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilipumzika. Nilikuwa na mgeni."

"Shangazi yake wa Usagara," Maulida alidakia, huku akimimina uji. "Bibi mmoja mkali huyo! Kaja na mikono miwili mizima, kaondoka mmoja umefungwa kanga. Nikamwuliza, bibi, umeng'atwa na kambare? Akanisonya!"

Mafuta yalilia kikaangoni. Suzana hakuinua uso.

"Alijiunguza na mafuta," alisema.

"Kwenye kikaango hiki?"

"Hiki."

Justa aliangalia kikaango, kisha uso wa Maulida. Maulida alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amekaa hapo siku nzima na hakuona mtu akiungua.

"Dada Suzana," Justa alisema, "kuna swali tunamwuliza kila aliyeibiwa, ni utaratibu tu. Unataka kipatikane?"

Suzana aligeuza samaki mmoja. Akamgeuza wa pili, ambaye alikuwa hajaiva. Mteja akaja akataka kipande cha mkia, akahudumiwa, akaongezewa chumvi, akaondoka. Justa alingoja. Jibu halikuja.

"Haya," Justa alisema hatimaye. "Nitapita tena."

* * *

Mji wa Bibi Mhoja, huyo shangazi, ulikuwa ng'ambo ya njia panda ya Usagara, umezungukwa na ua wa minyaa. Bibi mwenyewe alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba, anapepeta mtama kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umepakwa samli na kufungwa kitambaa.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Unasalimia Kisukuma, na mama unaniita mayu, lakini umbo la Kihaya."

"Wa Bukoba, mayu. Lakini nimekula sana ugali wenu wa udaga."

"Ndiyo maana umepata akili. Kaa. Na huyo mwembamba nani? Halishwi kwao?"

"Ndiye daktari wa Suzana."

Bibi aliacha kupepeta. Daktari akatoa shikamoo yake, ikabaki hewani bila kupokelewa.

"Nauona mkono, mayu," Justa alisema.

"Uone vizuri. Niliunguzwa na kitu cha huyo rafiki yako. Sina haja ya kuficha, sikuiba kuku wa mtu. Nimemchukua mtoto wa kaka yangu."

"Kiko wapi?" Yassin alipiga hatua mbele. "Bibi, tafadhali, kiko kwenye termosi? Umeifungua?"

"Mwambie apunguze mdomo."

Justa alimshika daktari kiwiko. "Tuonyeshe, mayu."

Nyuma ya nyumba, karibu na zizi, kulikuwa na kaburi lililosakafiwa, na kando yake kijilima kidogo cha udongo mbichi, kisichozidi kichuguu. Kaburi lilikuwa la mama yake Suzana. Bibi alisimama baina ya wageni na udongo ule.

"Kwetu, kilichokatwa mwilini hakitupwi. Hata kitovu kina mahali pake. Huyu amechukua nyama ya binti yetu akaiweka kwenye chungu kimoja na shahawa za madume. Kisha aisafirishe Ulaya na sangara! Wewe Mhaya, mama yako angewekwa humo ungekaa kimya?"

Justa alichuchumaa kando ya udongo. "Tunaomba kufukua, mayu. Kikiwa bado kina baridi, kinaweza kumsaidia."

"Fukueni. Sina nguvu za kushindana na serikali."

Yassin alipiga magoti akachimba kwa mikono, suruali yake nyeupe ikawa nyekundu. Udongo ulikuwa mwepesi. Kwanza ulitoka mfuniko, kisha termosi ya Shimba. Yassin aliitikisa sikioni, akaiinamisha. Hakikutoka chochote, hata uzi wa moshi.

"Nilimwaga ule moshi," bibi alisema. "Nani anamzika mtu wake na baridi?"

Chini ya termosi palikuwa na kifurushi cha kaniki, kimelowa samli. Ndani yake kichupa kidogo cha kofia ya manjano. Yassin alikiweka kiganjani, akakifunga ngumi, akakaa hivyo. Kilikuwa na joto la udongo wa jua la mchana.

"Sauti?" Justa aliuliza.

"Zimefutika."

"Hakuna namna? Ukikigandisha tena?"

"Ukigandisha maziwa yaliyoganda, yanarudi kuwa mabichi?" Alifumbua ngumi. "Kirudishe, bibi. Sasa ni chako."

Bibi Mhoja alikipokea kwa mkono mzima, akainama kukirudisha. Alipapasa ukingo wa shimo kabla ya kuliona. Justa aliliona hilo. Aliyaangalia macho ya bibi, yale yenye ukungu wa maziwa katikati, akarudi naye mbele ya nyumba polepole.

"Ulikitambuaje kuwa ni cha Suzana, mayu? Vilikuwa vingi mle."

"Cha manjano."

"Ulikiona mwenyewe?"

"Kwa macho haya."

"Nina kiu, mayu. Nipe maji."

Juu ya meza ya miti palikuwa na vikombe viwili vya bati vimefunikwa kifudifudi, kimoja cheupe, kimoja cha manjano.

"Nipe kwa hicho cha manjano, nimekipenda."

Bibi alikwenda, akashika kimoja, akachota mtungini, akamletea kwa heshima zote. Kilikuwa cheupe. Justa aliyanywa maji yote mpaka tone la mwisho, akashukuru.

"Mlikuwa wawili pale dirishani," alisema. "Mkono ulikuwa wako. Macho yalikuwa ya nani?"

"Niliota."

"Mayu."

"Nimeota, nimekwambia! Andika hivyo. Na ukitaka kunifunga, subiri nimalize mtama."

Daktari alikuwa ameshaketi garini, mlango wazi, miguu nje. "Utamkamata?" aliuliza mara Justa alipomfikia.

"Kwa wizi? Wizi unataka mwenye mali. Niambie mwenyewe, kile kinyama niandike ni cha nani?"

Yassin aliingiza miguu ndani. Akawasha gari.

* * *

Walifika Buzuruga jua limeinama. Maulida alikuwa ameshafunga uji wake. Suzana alikuwa anazima kuni, mkono uliovimba umelala mapajani. Alimwona daktari mwenye udongo magotini, akajua walikotoka.

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo," Justa alisema. "Hakukutaja. Anasema aliota."

Suzana alitabasamu kidogo, tabasamu likaisha.

Yassin alichuchumaa mbele ya kikaango kilichopoa. Maneno yalimtoka kwa shida. "Suzana, kimeharibika. Sina kingine. Sasa sijui. Nikikupa dawa, labda naua moyo wako bure. Nisipokupa, labda nauachia ugonjwa njia. Nilikuwa nataka nijue kabla sijakugusa. Sasa nitabahatisha tu, kama mtu anayetupa jiwe gizani."

"Nitundikie," Suzana alisema.

"Hujanielewa. Moyo..."

"Nimekuelewa, daktari. Nitundikie. Nikianguka, nimeanguka."

"Kwa nini basi?" Sauti ya daktari ilipanda, wapita njia wakageuka. "Kama unataka dawa, kwa nini ukaenda pale dirishani ukamwonyesha? Ungeniambia hutaki!"

"Nani anamkatalia daktari? Uliongea, nikaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo tunavyowaitikia."

Juu yao ndege ya mizigo ilipita, nzito, imetoka upande wa uwanja, ikaelekea ziwani. Wote watatu waliinua nyuso. Mlio wake ukaishia juu ya maji. Justa alivuta kigoda, akaketi. Hakuwa na pingu mkononi wala swali jipya.

"Mama yangu alikuwa na ugonjwa huu huu," Suzana alisema, akimgeukia yeye, si daktari. "Alikuwa analima pamba na kidonda chake cha kupasuliwa. Anapika, anatukana mbuzi, anacheka. Akapelekwa kwa daktari mmoja mpole sana, naye akamwambia ukweli wote, kwamba ugonjwa utarudi na hautamwacha. Hakukosea, ulirudi. Lakini mama alipotoka mle chumbani hakushika jembe tena. Alikaa kwenye ngozi anangoja. Alingoja muda mrefu, afande, na sisi tunamtazama akingoja. Kabla ya siku ile alikuwa mgonjwa tu."

Alimwaga maji juu ya jivu, jivu likatoa mlio.

"Asubuhi uliniuliza swali, nikakunyima jibu kwa sababu Maulida ana mdomo. Sasa nakujibu. Hapana. Sikutaka kipatikane."